Kuhamishwa si Kuhamia: Somo Kutokana na Moto wa Jumba la Grenfell

Mwaka huu wahariri wa jarida letu waliniagiza niandike makala ya sarufi, hasa mnyambuliko wa vitenzi. Najua wengi wenu mkisikia neno mnyambuliko mnaanza kupiga miayo, nami siwalaumu. Kwa hivyo nimechukua kitenzi kimoja tu, kitenzi HAMA, nikakitazama kupitia tukio la kweli lililotokea mbali na kwetu, jijini London nchini Uingereza. Ukinifuata polepole utaona kwamba kati ya HAMISHWA na HAMIA kuna tofauti kubwa kuliko herufi chache, na utaelewa kwa nini watu walioteketezewa nyumba waliwahi kukataa nyumba walizopewa bure. Naam, walizikataa!

Kwanza tukio lenyewe. Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 14 Juni 2017, karibu saa saba, moto ulizuka jikoni katika nyumba moja ya orofa ya nne ya jumba liitwalo Grenfell Tower, mtaa wa North Kensington, magharibi mwa London. Ulianzia kwenye friji. Jumba hilo lilikuwa na orofa 24 na nyumba 129, na watu wote hao walitegemea ngazi moja tu. Lilijengwa miaka ya sabini, likafanyiwa ukarabati uliomalizika mwaka wa 2016. Katika ukarabati huo kuta za nje zilivalishwa mabamba ya alumini yenye plastiki katikati, na plastiki hiyo ikishika moto huwaka kama mafuta ya taa. Moto ulitoka kwa dirisha la jikoni, ukashika mabamba, na kwa muda usiofika nusu saa ulikuwa umefika juu kabisa. Wakazi waliopiga simu waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao, kwa kuwa huo ndio uliokuwa utaratibu wa majumba ya aina hiyo. Agizo hilo halikubadilishwa hadi saa nane na dakika 47 usiku. Watu 72 walifariki, wakubwa kwa watoto.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kikundi cha wakazi kilikuwa kimeonya kwa maandishi, mwezi wa Novemba 2016, kuwa kwa jinsi jumba lilivyosimamiwa, ni janga tu litakalowafumbua watu macho. Sikio la kufa halisikii dawa.

Juu ya moto wenyewe mengi yameandikwa, na sina haja ya kuyarudia. Mimi nataka tuangalie kulipokucha. Watu wamesimama barabarani na nguo za kulalia, wengine miguu mitupu, wanaangalia kwao kunavyofuka moshi. Sasa waende wapi?

Hapa ndipo tunapokutana na kitenzi chetu. HAMA ni mtu kuondoka mahali alipokuwa akiishi, kwa hiari yake, na mizigo yake. Ukikitia kiambishi cha kusababisha unapata HAMISHA: kumfanya mwingine ahame. Ukiongeza cha kutendwa unapata HAMISHWA. Mwenye kuhamishwa hakuamua. Meza huhamishwa, sufuria huhamishwa, na ng'ombe wa mjomba huhamishwa kutoka boma hadi boma bila kuulizwa.

Nyumba zilizoharibika zilikuwa 151, yaani zile 129 za jumba pamoja na nyingine za safu ya chini iliyokuwa karibu nalo. Hata waliobaki kwenye majengo ya kando waliteseka, maana mtambo wa kuwachemshia maji ulikuwa chini ya jumba hilo hilo lililoungua, basi wakakosa maji ya moto. Walionusurika walipelekwa kwenye ukumbi wa michezo wa Westway, na wengine wakapokelewa makanisani na katika msikiti wa Al-Manaar. Ulikuwa mwezi mtukufu wa Ramadhani, na Waislamu wengi walikuwa macho usiku ule. Majirani walileta maji, blanketi, viatu na vyakula hata vikarundikana.

Je, wenye mji walikuwa wapi? Halmashauri ya Kensington na Chelsea ni ya sehemu iliyo miongoni mwa sehemu tajiri kabisa za London. Wakati huo ilikuwa na akiba ya pauni milioni 274. Lakini tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu, Sir Martin Moore-Bick, ilisema katika ripoti yake ya pili ya tarehe 4 Septemba 2024 kwamba halmashauri hiyo haikuwa na mpango wa maana wa kushughulikia msiba wa kiasi hicho. Haikuwa hata na njia nzuri ya kuandika ni nani amenusurika na yuko wapi. Waliofunga Ramadhani hawakutayarishiwa chakula kinachowafaa. Kazi ambayo ingefanywa na afisi yenye mamilioni ilifanywa na akina mama wenye sufuria. Ilibidi halmashauri nyingine za London zije kushika usukani siku chache baadaye, na tarehe 30 Juni 2017 kiongozi wa halmashauri ile, Nicholas Paget-Brown, akatangaza kujiuzulu.

Basi watu wakahamishiwa hotelini. Tuelewane hapa, maana kwetu ukisema hoteli mtu anafikiria chai na mandazi. Hizi zilikuwa hoteli za kulala. Labda utasema, si wamebahatika! Kitanda safi, televisheni, na mtu wa kukutandikia. Nami ningesema hivyo kama ingekuwa ni wiki moja. Lakini chumba cha hoteli hakina jiko. Mama hawezi kuchemshia mtoto uji. Familia nzima inalala, inakula, inalia na kufanya kazi za shule katika chumba kimoja au viwili. Wiki ile ya moto ilikuwa ya mitihani ya taifa huko, na kuna wanafunzi waliotoka kwenye moto wakaendelea na mitihani. Mimi ninayeenda shule ya kutwa najua kusoma mezani ambapo watu wanakula ni kazi ya namna gani, lakini meza yetu iko pale pale kila jioni. Baadhi ya wale walihamishwa kutoka hoteli moja hadi nyingine mara kadhaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa hawa walikuwa wageni wa miezi, na hakuna aliyewapa jembe. Yaani hakuna kazi ya nyumba waliyoachiwa waifanye wenyewe. Krismasi ya mwaka huo iliwakuta wengi bado hotelini.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kutokana na kitenzi LALA tunapata malazi. Kutokana na KAA tunapata makazi na makao. Waliyopewa ni malazi. Ukiwa na pahali pa kulaza ubavu huna budi kushukuru, lakini hujapata makazi.

Tuje kwenye ahadi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May, aliahidi kwamba katika muda wa majuma matatu kila aliyepoteza nyumba atakuwa amepewa pahali pengine pa kuishi. Ahadi ni deni. Majuma matatu yalipoisha, tarehe 5 Julai 2017, serikali ilitoa hesabu yake: familia zilikuwa 158, kati yazo 139 zilikuwa zimepewa nafasi ya nyumba, na zilizokubali zilikuwa 14. Msomaji, soma tena. Kumi na nne!

Tulipojadili jambo hili chamani, mwanachama mmoja, msemaji hodari ambaye hukosi kumpigia makofi, alisimama akasema ati watu hao walikuwa na kiburi. Alisema mtu aliyeunguliwa nyumba hana haki ya kuchagua. Alisema hapa kwetu vibanda vikiungua usiku, asubuhi watu wanatafuta mabati, na jioni wamelala. Ukumbi ukacheka, ukampigia makofi. Nilitaka kumjibu lakini Bwana Spika akasema muda umekwisha. Wacha nimjibu hapa ambapo hakuna kengele.

Kwanza, nyumba nyingi walizopewa zilikuwa za muda tu. Maana yake ni kwamba wangefungua mizigo leo, watoto wazoee, halafu baadaye wafunge tena waende kwingine. Mtu aliyekwishahamishwa mara mbili tatu ndani ya mwezi mmoja akiambiwa hama tena, bado utahama tena, atasema afadhali ningoje nihame mara moja. Hilo si kiburi, ni hesabu.

Pili, baadhi yao walipelekwa kuonyeshwa nyumba zilizo juu kwenye majumba marefu. Hebu fikiri. Umeshuka ngazi gizani, katikati ya moshi, mkono umeshika mtoto, halafu wiki tatu baadaye mtu anakuonyesha lifti! Wengine walionyeshwa nyumba ambazo dirisha lake linatazama jumba lile jeusi lililoungua. Wengine nyumba zilikuwa ndogo kuliko familia, au ziko mbali na shule za watoto na majirani wao. Na kuna waliokuwa hawajazika. Miili ilichukua miezi kutambuliwa. Mtu anayengoja kuambiwa kama mkewe amepatikana, unamletea karatasi ya kupanga nyumba atie sahihi? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tatu, na hili ndilo ambalo msemaji wetu hakuligusa, watu hao walikuwa wameacha kuamini. Wengi walikuwa wapangaji wa halmashauri, yaani zile nyumba ambazo sisi tungeziita nyumba za kanjo, zenye kodi nafuu na ambazo mtu anaweza kukaa maisha yake yote. Walikuwa wameambiwa jumba lao ni salama. Sasa afisi ile ile inawaambia, tia sahihi hapa, mengine tutayatengeneza baadaye. Waliogopa kwamba kodi itapanda au watapoteza ile haki ya kukaa bila kufukuzwa. Ilibidi waahidiwe waziwazi kwamba nyumba mpya hazitawatoza zaidi ya walivyokuwa wakilipa na kwamba haki yao ya kukaa italindwa.

Juu ya mabati ya jioni nitasema jambo moja tu, kisha niliache. Ni kweli watu wetu hujenga upesi, nami nimewaona. Lakini anayejenga kibanda chake pale pale penye majivu amehama au amehamishwa? Wala hili wala lile. Amechagua mwenyewe mahali, na mlango wake unaangalia anakotaka, jirani ni yule yule. Ana umaskini, lakini ana kitu ambacho mtu wa hoteli ya London alinyang'anywa.

Na hapo tunafika kwenye HAMIA. Kauli ya kutendea, kama mjuavyo, huonyesha kwamba kitendo kinaelekea mahali au kinafanywa kwa ajili ya kitu. Kuhama kunatazama nyuma, unakoondoka. Kuhamia kunatazama mbele, unakoingia. Mtu husema kwa furaha, "Tumehamia nyumba mpya." Hujasikia mtu akisema kwa furaha, "Tumehamishwa."

Zilikuwapo familia zilizohamia. Juni hiyo hiyo ya 2017 ilitangazwa kwamba Shirika la Jiji la London limenunua nyumba 68 katika mradi mpya uitwao Kensington Row, ziwe makao ya kudumu ya watu wa Grenfell. Hizi zilikuwa nyumba mpya kabisa, kando ya majumba ya kifahari yenye bwawa la kuogelea. Baadhi ya majirani matajiri waliwaambia waandishi wa magazeti kuwa thamani ya nyumba zao itashuka. Aibu! Aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi. Halmashauri nayo ilinunua nyumba zaidi ya 300 hapa na pale mtaani ili familia ziwe na za kuchagua, na waliofiwa wakapewa nafasi ya kwanza. Kuna watu waliouliza, je, na wale waliokuwa kwenye foleni ya nyumba za kodi nafuu miaka mingi kabla ya moto? Swali hilo si la choyo. Nyumba kama hizo zilikuwa haba London tangu zamani, na kama zingekuwa nyingi, labda majuma matatu yangetosha.

Hata hivyo, nyumba njema si mlango. Kuna waliohamia wakakuta kasoro ndani, unyevu ukutani au vifaa visivyofanya kazi, ikawa barua juu ya barua kwa afisi. Mtu aliyeona onyo lake likipuuzwa hawezi kupuuza waya inayotoa cheche.

Sasa niguse jambo ambalo mimi binafsi ndilo lililonigusa sana: ni nani anayehesabiwa kuwa mkazi? Ukienda kwenye kitabu cha kodi cha ploti yetu, utakuta jina la baba tu. Landilodi hajui kwamba shangazi yangu na wanawe wawili wanalala sebuleni tangu mwaka jana. Siku ya hatari, je, shangazi ataandikwa? Grenfell ilikuwa hivyo hivyo. Walikuwapo waliopangishwa chumba na mpangaji mwingine bila halmashauri kujua, jambo ambalo ni kosa kisheria kule. Walikuwapo wahamiaji wasio na karatasi za kuishi nchini. Watu hawa walitoka motoni na kujificha, wakiogopa kwamba wakienda kuomba blanketi watashikwa! Mwezi wa Julai 2017 serikali ilitangaza kwamba hakuna atakayeshtakiwa kwa kupangisha au kupangishwa kinyume cha sheria, na kwamba wahamiaji walionusurika watapewa kibali cha miezi 12. Miezi 12 tu. Kelele zilipopigwa, mwezi wa Oktoba wakafunguliwa njia ya kupata kibali cha kudumu baada ya miaka mitano. Lakini ulizeni: mwenye kibali cha miezi 12 anaweza kusema amehamia mahali?

Tena hesabu yenyewe ya familia ilipanda. Ilianza 158, ikafika zaidi ya 200. Wengine walidhani kuna ujanja. Kumbe sababu moja ilikuwa kwamba katika nyumba moja waliishi nyanya, mtoto wake aliyeoa na wajukuu, wamebanana kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kwingine. Walipoulizwa sasa mnataka nini, wakasema tupeni nyumba mbili zilizo karibu. Ndiyo maana nasema kuhesabu milango iliyoungua si kuhesabu watu.

Mwaka mmoja baada ya moto, Juni 2018, familia zilizokuwa katika makao ya kudumu hazikufika nusu. Mwaka wa pili ulipotimia, Juni 2019, kati ya familia 201, zilikuwa zimebaki 17 ambazo hazijapata. Kumbuka ahadi ilikuwa majuma matatu.

Kuna pahali pamoja ambapo watu hao hawakuhamishwa na yeyote, nako ni jikoni. Wanawake waliokuwa hotelini bila jiko waliomba kutumia jiko la msikiti wa Al-Manaar wapikie jamaa zao. Wakaanza kukutana hapo, mmoja akipika vya Moroko, mwingine vya Iraki, mwingine vya Uganda. Mwezi wa Septemba 2018 mapishi yao yalichapishwa kuwa kitabu kiitwacho Together, na Meghan, mke wa Mwanamfalme Harry, akakiandikia dibaji. Wanawake hao walikiita kikundi chao Hubb. Hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya upendo, nasi tunalo katika Kiswahili: ni lile lile huba la kwenye mashairi. Nilipoligundua nilifurahi kama mtu aliyekutana na binamu ugenini.

Jumba lenyewe lilisimama kwa miaka, limefunikwa turubai jeupe lenye moyo wa kijani. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilitangaza kwamba litabomolewa taratibu. Baadhi ya waliofiwa walipinga wakisema hawakusikilizwa vya kutosha, kwa maana kwao pale ni kaburi. Wengine waliokuwa wakiliona kila asubuhi kutoka dirishani walisema liondoke.

ZOEZI. Jaza pengo kwa kutumia kitenzi HAMA katika kauli ifaayo, kisha umwonyeshe mwalimu wako wa Kiswahili:

(a) Halmashauri ili______ familia hizo kutoka hoteli moja hadi nyingine.

(b) Watoto wali______ mara nne kabla ya Krismasi, bila wao kuulizwa.

(c) Mama alikataa ku______ nyumba ya orofa ya kumi na tano.

(d) Nyanya na mjukuu wake wame______ nyumba waliyoichagua wenyewe.

Kwa sentensi ya (c), eleza kwa maneno yako kama mama huyo alikuwa na kiburi. Majibu ya swali hili nitayapokea mimi mwenyewe, Kidato cha Tatu, dawati la karibu na mlango. Msemaji wetu hodari anakaribishwa kuwa wa kwanza.